Nyumba ya mashambani na baridi ya Julai: chunga jiko lako

Kati ya Juni na Agosti, sehemu za nyanda za juu kama Kinangop, Limuru, Molo na Nyahururu hupata baridi kali na mawingu mazito ambayo huweza kukaa siku nyingi bila jua kuonekana. Wakazi wengi wa mijini wana nyumba huko, aghalabu za mbao na mabati, ambazo hufungwa miezi kadhaa na kufunguliwa tu wakati wa likizo, mazishi au sherehe ya ukoo. Nyumba kama hiyo huhitaji matunzo, na katika matunzo hayo kuna mambo ya afya ambayo fundi seremala hawezi kukueleza.

Kwanza, chagua siku. Hata katikati ya Julai huwa kuna siku ambayo mawingu hupasuka mnamo saa nne asubuhi na jua likawaka hadi alasiri. Siku hiyo ndiyo ya kufungua milango na madirisha yote na kuanika magodoro na mablanketi. Godoro lililokaa gizani katika unyevu huota kuvu, na vumbi la kuvu likivutwa puani huamsha pumu kwa wale walio nayo, hasa watoto. Ukiona madoa meusi ukutani usikimbilie kuyapaka rangi. Tafuta bati linalovuja au gata iliyoziba majani, kwa kuwa kuvu hufuata maji. Mwenye pumu naye asipewe kazi ya kukwangua ukuta huo.

Halafu kuna panya. Wengi wakiona kinyesi cha panya sakafuni hushika ufagio mara moja, jambo ambalo si zuri, kwani ufagio mkavu hurusha vumbi hewani na aliye chumbani hulivuta. Mwaka wa 2012, katika mbuga ya Yosemite nchini Marekani, wageni 10 waliambukizwa kirusi cha hanta, wengi wao wakiwa wamelala katika vibanda vilivyokuwa na panya, na 3 kati yao wakafariki. Kirusi kilichowaua wageni hao ni cha Amerika, lakini panya wetu pia wana yao. Mkojo wao hubeba vijidudu vya leptospirosisi, ugonjwa unaoweza kuharibu ini na figo, ambao huingia mwilini kupitia mikwaruzo ya ngozi, macho au mdomo. Kwa hivyo acha nyumba ipate hewa nusu saa, vaa glavu za mpira, kisha nyunyizia uchafu huo dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, kipimo kimoja kwa vipimo tisa vya maji. Ngoja dakika tano, ndipo upanguse kwa kitambaa utakachokitupa. Usichanganye dawa hiyo na ile ya kusafishia choo, maana mchanganyiko huo hutoa gesi inayochoma mapafu.

Maji ya tangi lililokaa muda mrefu yachemshwe kabla ya kunywewa, na hapa wakazi wa Nairobi wanaopanda milimani wana jambo la kuzingatia. Kinangop iko zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, na huko maji huchemka yakiwa na joto la takriban digrii 92 tu. Yaache yatokote kwa dakika tatu.

Lakini yote hayo ni madogo yakilinganishwa na jiko la makaa. Kila msimu wa baridi husikika habari za familia iliyokutwa imekufa kitandani asubuhi, jiko likiwa katikati ya chumba. Majirani husema ni moshi. La, si moshi. Muuaji ni gesi iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu wala haiwashi macho. Gesi hii hushikamana na hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Damu huendelea kuzunguka, lakini ubongo na moyo havipati kitu.

Kuna imani kwamba makaa yakisha kukolea na kuwa mekundu bila moshi, jiko linaweza kuingizwa chumbani bila wasiwasi. Imani hii imeua watu wengi. Makaa mekundu huendelea kutoa gesi hiyo kwa wingi, na kutokuwepo kwa moshi huondoa onyo la pekee ambalo mtu angepata. Nyumba ya mbao nayo, ambayo kwa kawaida hupitisha upepo, huwa imezibwa nyufa zote kwa magazeti na matambara kwa sababu ya baridi. Dirisha lililoachwa wazi kidogo hupunguza hatari lakini haliiondoi. Pasha chumba joto mkiwa macho na madirisha yakiwa wazi, kisha toa jiko nje kabisa kabla ya mtu yeyote kulala. Usiku ni wa mablanketi, soksi na chupa ya maji moto. Walio na meko yenye dohani waikague, kwani ndege hupenda kujenga viota humo nyumba ikifungwa. Jenereta pia ina gesi hiyo hiyo, na haifai kuwekwa barazani.

Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, na kwa urahisi hudhaniwa ni homa au chakula kibaya. Watu wawili au watatu wa nyumba moja wakiumwa na kichwa kwa wakati mmoja, kisha wakapata nafuu wakitoka nje, shuku jiko. Fungua mlango, watoe nje na uwapeleke hospitali. Usiwanyweshe maziwa, kama ilivyo desturi ya wengi. Maziwa hayaondoi gesi katika damu, na kwa mtu aliyezimia yataingia mapafuni.

Tiba ni oksijeni. Katika hewa ya kawaida mwili huchukua saa nne hadi sita kutoa nusu ya gesi hiyo. Kwa oksijeni safi ya barakoa muda huo hupungua hadi saa moja na nusu hivi. Mama mjamzito aende hospitali hata akijihisi mzima, kwa sababu mtoto tumboni huumia zaidi. Ukifika, mwambie daktari waziwazi kwamba kulikuwa na jiko chumbani. Kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni hakitofautishi oksijeni na gesi hii, na kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mgonjwa aliye karibu kufa.