Ushahidi wa Punje Zilizoungua

Chakula kinachoungua jikoni ni hasara kwa mpishi, lakini kwa mwanaakiolojia ni hazina. Punje mbichi ikifukiwa ardhini huoza. Iliyogeuka makaa hudumu, kwa kuwa bakteria na kuvu hawapati lishe ndani yake.

Ili kuipata, udongo uliochimbwa humwagwa majini na kukorogwa taratibu. Makaa huelea, yakakusanywa kwa chekeche laini, yakakaushwa na kutazamwa kwa hadubini. Rangi haisaidii tena, na huenda moto umeivimbisha punje au kuipasua. Mtaalamu hutegemea umbo, sura ya ngozi na kovu la mahali mbegu iliposhikana na ganda, kisha huilinganisha na mbegu za leo zilizounguzwa makusudi.

Kutambua pekee hakutoshi. Punje ndogo huweza kuporomokea tabaka la kale kupitia shimo la panya. Hivyo umri wa tabaka si lazima uwe umri wa punje. Sharti punje yenyewe ipimwe kwa radiokaboni. Ndivyo ilivyofanywa Kakapel, pango la mwamba magharibi mwa Kenya: matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kuwa kunde zilikuwapo huko yapata miaka 2,300 iliyopita, na wimbi angalau miaka 1,000.

Hata hivyo, ndizi na viazi vikuu havina punje za kuangukia motoni. Kwa hiyo, zao lisiloonekana katika makaa lisihukumiwe kuwa halikulimwa.