Kutunza Njia Wakati wa Mvua

Kabambare iko mashariki ya Kasongo. Njia inayounganisha miji hii miwili ni ya udongo. Wakati wa kiangazi udongo huo ni mgumu kama tofali. Mvua ikinyesha, hunywa maji, hulainika, na kugeuka matope.

Adui wa njia ni nani? Wengi hujibu: «Ni mvua.» Lakini mvua inayopita upesi haidhuru sana. Adui ni maji yanayokaa. Lori likipita juu ya udongo laini, magurudumu yake huchimba mifereji miwili. Maji hujaa humo. Lori la pili huchimba zaidi. Baada ya siku chache pana shimo, na lori la tatu hukwama. Hapo mchele hauendi sokoni, dawa hazifiki, na mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Kasongo hubebwa kwa baiskeli au kwa machela.

Kwa sababu hiyo huwekwa kizuizi cha mvua, yaani mti unaolazwa kukingama njia. Magari husimama saa kadhaa mpaka udongo ukauke. Dereva hunung'unika, lakini akipita kwa nguvu, huharibu njia ya watu wote.

Watunza njia wana kazi nne. Kwanza, huinua njia katikati iwe kama mgongo wa kobe, ili maji yateremke pande zote mbili. Pili, huchimba mitaro ya kupeleka maji porini. Tatu, hufyeka matawi ili jua liiguse njia. Nne, huondoa matope.

Kazi ya nne hutaka akili. Mwenye haraka huchimba mpaka chini, akatupa matope pamoja na changarawe. Njia huonekana safi, kumbe amechimba bonde, na mvua ya kesho itakaa humo. Mwenye akili hukwangua matope ya juu tu, hujaza shimo kwa mawe na changarawe, kisha hushindilia.

Katika nchi za baridi, kama Kanada, wako watu wenye kazi iliyo ndugu ya hii. Huko huanguka theluji, yaani maji yaliyoganda, nyeupe kama pamba. Mwenye njia ya changarawe hazamishi koleo mpaka chini. Huacha theluji kidogo ikandamizwe iwe ngumu. Akikwangua yote, atatupa changarawe zake majanini. Theluji ikiyeyuka, atabaki na matope.

Basi, watoto, mtaro wa njia ya shule ukizibwa na majani, uzibueni kabla ya mvua. Wazee husema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maulizo
1. Kwa nini magari husimama penye kizuizi cha mvua?
2. Mwenye haraka na mwenye akili wanatofautianaje?
3. Tazama njia ya kijiji chako baada ya mvua. Maji yanakaa wapi? Utayatoaje?