SOMO: HABARI YA KWELI INAOKOA KIJIJI

Lengo: Kujifunza namna ya kukusanya habari za usalama na kuzituma kwa redio bila kueneza hofu.



Sisi tuliokimbia makwetu tunajua kwamba uvumi unahamisha watu kama risasi. Lakini ukimya pia unaua. Mwezi wa Desemba 2009, katika eneo la Makombo, Haut-Uele, waasi wa LRA waliua watu zaidi ya 300 kwa siku nne na kuteka wengine wengi. Hapakuwa na simu huko. Dunia ilipata habari kamili mwezi wa Machi 2010 tu, shirika la Human Rights Watch lilipotoa ripoti yake.

Baada ya hapo, mashirika na Kanisa walisaidia vijiji vya Uele kupata fonia. Wenyeji walifundishwa kuzitumia, na habari za kijiji kimoja zikaweza kufika kwa vijiji vingine na Dungu mjini.

Vyombo vya kazi

Fonia inafika mbali, hata mamia ya kilometa, lakini ni ya bei kubwa. Redio ndogo ya CB ina chaneli 40 na nguvu ya wati 4 hivi. Inafika kilometa chache, na milima na msitu vinaipunguza. Inafaa kuunganisha kambi na vijiji jirani. Betri ya gari inatosha kuiwasha, na sola inaweza kuichaji. Kabla ya kuanza, tujulishe viongozi wa mahali na tuombe ruhusa ya serikali.

Maswali matano ya mpeleka habari

1. Nini kimetokea?
2. Wapi?
3. Lini? Siku gani, saa ngapi?
4. Nani aliona kwa macho yake, na nani alisikia tu?
5. Watu wanahitaji nini sasa?

Tulinganishe habari mbili. Ya kwanza: «Wanakuja kutumaliza, kimbieni!» Ya pili: «Leo saa tatu asubuhi, wamama wawili waliotoka shambani waliona watu kama ishirini wenye bunduki wakivuka mto. Hatujui ni kina nani. Hakuna aliyeumia.» Ya kwanza inatawanya watoto porini. Ya pili inampa kiongozi nafasi ya kuamua.

Tujihadhari

Redio ya CB haina siri: mwenye chombo kama hicho anasikia yote, hata mwenye bunduki. Kwa hiyo tusitaje majina ya mashahidi, wala ya wamama na wasichana waliobakwa. Tusitaje mahali watu walipojificha, wala njia watakayopita.

Tusitaje kabila. Tuseme «watu wenye silaha», si «watu wa kabila fulani». Mwaka 1994, huko Rwanda, redio RTLM ilichochea mauaji. Chombo kile kile kinaweza kujenga au kubomoa.

Tena, tusifanye kazi ya upelelezi kwa jeshi lolote. Habari zetu ni za kulinda raia wote.

Kupanga kazi

Tuchague wasemaji wawili au zaidi, wanaume na wanawake, kutoka pande zote za jamii. Waongee kwa saa zilizopangwa, asubuhi na jioni, na waandike kila habari katika daftari linalofichwa vizuri. Habari ya kusikia tu itafutiwe shahidi wa pili. Ikiwa hatari iko karibu sana, itumwe mara moja, lakini isemwe wazi: «haijahakikishwa». Na habari ikionekana si kweli, isahihishwe kwa chaneli ile ile.

Tusingoje mabaya tu. Soko limefunguliwa, daraja limetengenezwa, mtoto aliyepotea amepatikana: hizo pia ni habari za amani.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

- Ni uvumi gani ulituhamisha bure? Ulianzia wapi?
- Katika kambi yetu, nani anaaminiwa na wote, wakimbizi na wenyeji?
- Redio ikinyang'anywa, tutapashana habari kwa njia gani?

Jibuni pamoja, kisha chagueni kamati kabla ya kutafuta redio. Chombo bila watu wa kuaminika ni kelele tu.