Mweleze Daktari Habari za Ng'ombe

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi kijijini nje kidogo ya mji wa Mugumu, wilayani Serengeti. Tangu mwezi wa tano napata homa za jioni, zinakuja na kuondoka. Usiku natoka jasho mpaka shuka linalowa, asubuhi naamka kiuno na magoti vinauma kama niliyelima ekari nzima. Nimetibiwa malaria mara tatu na taifodi mara mbili. Mdogo wangu aliyeko Tarime amenitumia kwenye simu orodha ya mazoea ya kulinda afya: maji ya uvuguvugu yenye limau, kutembea hatua elfu kumi kwa siku, kulala masaa manane. Nimeanza na limau lakini homa iko palepale. Mume wangu yuko kwenye machimbo madogo upande wa Nyamongo. Tunafuga ng'ombe na mbuzi, na tuna mbwa wawili. Nifanye nini tusiwe watu wa kuugua kila mara?

JIBU: Dada, limau halina ubaya, ila homa ya miezi haliiwezi. Hatua elfu kumi nazo zisahau. Anayechota maji, akalima, akafuata kuni, amezimaliza kabla jua halijafika utosini. Orodha hiyo iliandikwa kwa ajili ya mtu anayekaa kitini kutwa, ambaye maziwa yake hutoka dukani yakiwa kwenye pakiti. Yako yanatoka zizini, hatua chache kutoka mlangoni. Katika barua yako yote, maneno yaliyonishtua ni yale uliyoyatupia mwishoni: tunafuga ng'ombe na mbuzi.

Nikuulize. Kuna mnyama wenu aliyetupa mimba mwaka huu? Nani alimvuta yule ndama, na mikono yake ilikuwa na nini? Na watoto, maziwa yale ya kwanza ya asubuhi, yenye povu na joto la chuchu, wanayanywa hapohapo zizini?

Siwezi kukupima kupitia gazeti. Lakini homa inayokwenda na kurudi, jasho la usiku, kiuno na viungo kuuma, katika nyumba yenye mifugo, inanitaka nifikirie bruselosi, ugonjwa ambao maafisa mifugo wanauita ugonjwa wa kutupa mimba. Bakteria wake hukaa kwenye maziwa, kwenye kondo la nyuma na kwenye majimaji ya uzazi ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kwa binadamu dalili huanza mara nyingi wiki mbili hadi nne baada ya kuambukizwa, na wakati mwingine miezi kadhaa, ndiyo maana hakuna anayekumbuka kikombe kile cha maziwa. Wanaume wengine huvimba korodani. Mjamzito anaweza kupoteza mimba. Wengi hawafi. Wanachakaa tu, mwezi baada ya mwezi, mpaka majirani waanze kusema ni mvivu au amerogwa.

Kisa cha ugonjwa huu ni kirefu, nami nakipenda. Mwaka 1887 daktari wa jeshi la Waingereza, David Bruce, alikiona kijidudu hiki kwenye mabandama ya askari waliokufa kwa homa kisiwani Malta. (Ni Bruce huyuhuyu aliyekuja Uganda mwaka 1903 kuchunguza malale, ugonjwa ambao nyie wa kandokando ya hifadhi mnawajua vizuri mbung'o wake.) Kijidudu kilijulikana, lakini njia yake haikujulikana kwa karibu miaka 18. Mwaka 1905 Themistocles Zammit, daktari wa Malta kwenyewe, akapima damu za mbuzi na kukuta wameambukizwa. Mbuzi wale walikuwa wanene, wazima, wanatoa maziwa vizuri! Mwaka uliofuata askari wakakatazwa maziwa ya mbuzi, na homa ikaporomoka kambini. Kwa hiyo mtu akikwambia "ng'ombe wangu hana ugonjwa, mwangalie alivyonawiri", mkumbushe mbuzi wa Malta.

Kwa nini basi ukatibiwa malaria mara tatu? Usimlaumu sana aliyekuandikia. Homa ni homa, haina jina usoni. Miaka ya 2007 na 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa kali katika hospitali mbili za Moshi. Madaktari walidhani 528 kati yao wana malaria. Maabara ilipochunguza kwa makini, waliokuwa nayo kweli ni 14. Baadhi ya waliobaki walikuwa na maambukizi mengine, yakiwemo yanayotoka kwa wanyama. Mkoa wa Mara si Moshi. Huku malaria bado ipo tele, na homa yoyote ipimwe malaria kwanza. Lakini kipimo kikisema hakuna, kubalini kwamba hakuna, na tafuteni kingine. Kipimo cha taifodi kinachotumika sana, kile cha Widal, nacho hudanganya mara nyingi: huweza kusoma alama za maambukizi ya zamani ukaambiwa ni ya leo.

Sasa tuje jikoni.

Maziwa yana hila moja. Yakianza kupata moto hujaa povu na kupanda hadi ukingoni, mpishi anastuka, anaipua. Povu lile halimaanishi kuwa yamechemka. Punguza kuni, koroga povu lishuke, kisha yaache yachemke kwelikweli, mapovu makubwa yakipasuka katikati ya sufuria, kwa dakika chache. Funika. Bakteria huyu hastahimili moto huo, na wa kifua kikuu cha ng'ombe vilevile. Chombo cha kutilia kiwe safi, si lile dumu lililobeba maziwa mabichi asubuhi.

Najua utaniuliza kuhusu maziwa ya mgando, maana huwezi kuishi kati ya Wakurya, Wangoreme na Waikoma ukayakataza, na mimi sitajaribu. Ila kuganda peke yake si kinga ya kutegemea. Uchachu unapunguza vijidudu vingi, haumalizi vyote. Chemsha kwanza. Yakipoa yakawa vuguvugu, tia vijiko viwili vya mgando wa jana uliotokana na maziwa yaliyochemshwa, funika, yaache usiku kucha. Kibuyu kisuuze kwa maji yanayochemka kabla. Bibi atasema ladha imepotea. Kusema kweli imebadilika kidogo. Ya kwangu mimi niliizoea baada ya wiki mbili. Na kama nyumbani kwenu bado kuna anayekunywa damu mbichi ya ng'ombe iliyochanganywa na maziwa, hiyo nayo ni ya kuacha.

Mnyama akizaa, au akitupa mimba, usimshike kwa mikono mitupu. Glavu zikikosekana, vaa mifuko ya plastiki hadi kwenye kiwiko na kuifunga kwa kamba. Mjamzito asikaribie kabisa. Kondo la nyuma na kijusi vizikwe shimo refu, maana mbwa wakivikokota uani mnakuwa mmeeneza ugonjwa hadi mlangoni mwa jikoni. Kisha mwite afisa mifugo wa kata.

Mwite afisa mifugo pia ng'ombe akifa ghafla. Hapa ndipo ninapogombana na ndugu zangu wa Serengeti na Tarime kila mwaka. Ng'ombe kafa alfajiri, thamani yake ni kubwa, nyama ipo, na kumzika kunauma. Basi watu wanachuna, wanagawana. Kama mzoga unatoka damu nyeusi isiyoganda puani au nyuma, huenda ni kimeta. Usiuchane. Ukiuchana, vijidudu vinapata hewa na kujifunga kama mbegu, mbegu ambazo hudumu ardhini miaka na miaka, na kuchemsha nyama si uhakika wa kuziua. Anayechuna ndiye huanza kuumwa: kidonda mkononi kisichouma, katikati kina gamba jeusi. Awahi hospitali siku hiyohiyo. Kikiwahiwa kinatibika kwa dawa za kawaida. Kitoweo cha porini kilichookotwa kimekufa ni hadithi hiyohiyo, tena mbaya zaidi, kwa sababu hakuna aliyemwona mnyama yule akifa.

Mbwa wako wawili je, wamechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa? Wilaya yako ni maarufu duniani kwa utafiti wa ugonjwa huu, ingawa wengi wenu hamjui. Tangu mwaka 2002 watafiti wamekuwa wakifuatilia wilayani Serengeti mbwa gani alimng'ata nani, na yeye aling'atwa na yupi, boma kwa boma. Walichokuta ni kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mwingine mmoja na kidogo tu. Ugonjwa unaoenea kwa mwendo huo unazimika, mradi mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe kijijini. Siku ya chanjo ikitangazwa, wapeleke wote, hata watoto wao. Mtoto akipeleka mbwa wawili kwa kamba ya katani na akarudi na vyeti viwili, hiyo ni kazi kubwa kuliko masaa manane ya usingizi.

Na mtu aking'atwa, hata kakwaruzwa tu, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Hesabu kwa saa. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Usipake pilipili, majivu wala mafuta. Kisha aende hospitali, na sindano zote zimalizwe kwa tarehe zilizoandikwa. Dalili za kichaa zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Mume wako: kama anashika zebaki, asiichomee dhahabu nyumbani hata siku moja, wala kwenye sufuria itakayorudi jikoni. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, na huharibu mishipa ya fahamu, ya watoto kwanza. Nguo za kazi zibaki kazini.

Maji ya kunywa chemsha au tia dawa. Mikono kwa sabuni baada ya choo na baada ya kukamua. Chandarua kila usiku. Hayo unayajua, nisikuchoshe.

Limebaki la hospitali. Ukifika, usianze na "nina homa", maana utaandikiwa kama ulivyoandikiwa. Anza hivi: "Nafuga ng'ombe na mbuzi. Tunakunywa maziwa mabichi. Homa hii ni tangu mwezi wa tano, na hizi ndizo dawa nilizokwisha kunywa." Kama kuna mnyama aliyetupa mimba, taja. Kama una ujauzito au unanyonyesha, taja kabla hujapewa chochote. Omba upimwe bruselosi, na kwa jasho hilo la usiku upimwe pia kifua kikuu na VVU. Dalili zinafanana, na kujua ni bora kuliko kubahatisha mara ya sita. Ikionekana ni bruselosi, utapewa dawa mbili kwa pamoja kwa wiki zisizopungua sita. Wiki ya pili utajisikia mzima kabisa, utatamani kumwachia jirani vidonge vilivyobaki. Vimeze wewe, hadi cha mwisho. Na watoto, kama walikunywa kikombe kimoja na wewe, nenda nao.