Bata wa Campbell: Mtagaji Asiyeatamia

Wasomaji wetu, mtu atakaye kununua bata yampasa kujiuliza kwanza: Nataka mayai, au nyama, au vifaranga? Maana si kila bata huyatoa yote matatu, naye asiyeuliza hupata hasara. Leo twamtazama bata aitwaye Khaki Campbell.

Asili yake. Alitokea Uingereza, katika kijiji cha Uley, jimbo la Gloucestershire. Huko Bibi Adele Campbell alikuwa na bata jike wa aina ya Indian Runner, aliyetaga mayai 182 kwa siku 196, ila mwili wake ulikuwa mwembamba. Basi akampandisha kwa dume wa Rouen, bata mkubwa wa Ufaransa, kisha akatia na damu ya bata-mwitu. Uzao huo ulianza kujulikana mwaka 1898. Baadaye ukaitwa Khaki, kwa kuwa rangi yake ilifanana na mavazi ya askari wa Kiingereza.

Faida yake. Jike akitunzwa vema huanza kutaga apatapo miezi 6 hivi, na kwa mwaka aweza kutoa mayai 250 hata 300. Hutaga alfajiri, kwa hiyo tusimfungulie kabla ya saa tatu asubuhi, asije akayaacha mayai majanini yakaliwa na kenge. Nyama yake ni njema, wala haina mafuta mengi. Lakini uzito wake ni kama kilo 2 tu, au zaidi kidogo.

Upungufu wake. Bata huyu haatamii ila kwa nadra. Sababu ni hii: jike aatamiapo huacha kutaga. Wafugaji walichagua siku zote wale watagao bila kukoma, hata tabia ya kuatamia ikafifia katika uzao wao. Basi mayai yake huwekwa chini ya kuku mwatamiaji. Nasi tukumbuke ya kwamba yai la kuku huanguliwa kwa siku 21, bali la bata kwa siku 28. Asiyejua huyatupa mayai yenye uhai ndani yake.

Maji. Si lazima kuwa na ziwa. Yatosha chombo chenye kina cha kuzamisha kichwa, apate kuosha macho na pua.

Basi, atakaye mayai na amchukue huyu. Lakini atakaye jike wa kujilelea watoto, na atafute bata wa namna nyingine.