Kukwama, Kupwelewa na Kutitia: Funzo la Istilahi kutoka Pwani ya Kusini

Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna ya kueleza kwa Kiswahili majaribio ya magari ya roboti yanayotumwa kuchunguza uso wa sayari. Hoja kuu ni kwamba wenyeji wa pwani ya Kwale tayari wana msamiati wa ardhi ambao mfasiri wa sayansi hana budi kuuzingatia.

Majaribio ya uwanjani

Ishara ya redio huchukua takribani dakika 3 hadi 22 kufika Mirihi. Kwa hivyo gari likinaswa huko haliwezi kuokolewa papo hapo. Mbinu za kulinasua hujaribiwa kwanza duniani. Mnamo Aprili 2005, gari la Marekani liitwalo Opportunity lilizamisha magurudumu katika tuta la mchanga. Wahandisi huko California walitayarisha mchanga wa kuigiza ule wa Mirihi, wakafanya majaribio kwa gari la mfano, na mwezi Juni likanasuka. Lilitembea zaidi ya kilomita 45 kabla ya kunyamaza mwaka 2018. Mwaka 2009, pacha wake Spirit lilivunja ganda la ardhi na kuzama katika mchanga laini uliojificha chini. Majaribio yalirudiwa, lakini halikutoka tena.

Uteuzi wa vitenzi

Ni rahisi kuvieleza visa hivi viwili kwa kitenzi kimoja, kukwama. Mvuvi wa Msambweni hatatosheka. Ngalawa iliyoachwa pakavu na maji kupwa imepwelewa. Maji yakijaa, itaelea. Gurudumu katika mchanga mkavu wa Diani hudidimia kadiri linavyozunguka. Tope la mikoko ya Gazi, lionekanalo gumu kisha likashuka chini ya mguu, hutitia.

Basi Opportunity lilididimia, ilhali ardhi ilititia chini ya Spirit. Anayeandika kwamba Spirit lilipwelewa anamwahidi msomaji maji ya kujaa, nayo Mirihi haina bahari.

Hitimisho

Istilahi nayo, mithili ya gari hilo, yafaa ijaribiwe uwanjani kabla ya kutumwa mbali. Mwanafunzi atakayekusanya vitenzi vya mchanga na tope miongoni mwa wasemaji wa Chifundi na Kivumba atakuwa ameitendea sayansi haki, na lugha pia.