SOMO: KUJUA KINA CHA MAJI BILA KUPANDA TANKI
Hapa Majengo, Dodoma, msimu wa mvua huisha Aprili, nyingine husubiriwa hadi Desemba. Tanki likikauka ghafla, tunataabika. Kwa hiyo tujifunze kipimo ambacho fundi redio anaweza kukiunda.

Hufungwa ndani, kwenye paa la tanki. Hutuma sauti isiyosikika, kisha husubiri mwangwi. Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya milisekunde 6, sauti imekwenda na kurudi mita 2; nafasi tupu ni mita 1. Redio ndogo hupeleka hesabu hiyo ofisini.

Tukumbuke: kipimo hupima nafasi tupu, si maji.

Zoezi: Toka kipimo hadi sakafu ya tanki ni mita 2. Mwangwi umechukua milisekunde 9. Maji yamebaki kina gani? Je, kamati ianze mgawo?